Kuni Juu ya Uchaga

Mti wa matunda hutoa kuni kwa nyakati mbili. Hutoa kidogo kidogo kila mwaka, mkulima anapopogoa matawi yaliyosongamana ili jua lipenye kati. Na hutoa kwa wingi mara moja tu, unapochakaa, ukaacha kuzaa, ukaangushwa kupisha mche. Kati ya nyakati hizo hakuna mwenye akili timamu anayeutia shoka. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe, walisema wahenga, na kwa kweli mawe hayo ndiyo karibu mateso yake pekee katika ujana. Shoka huwaendea jirani zake wasiozaa. Kwa sababu hiyo kuni za mtufaha, za mpichi, za mpera au za mkunazi zina tabia ambayo kuni za msituni hazina: ni mabaki ya kazi nyingine. Tawi lililolala chini ya mti siku ya kupogoa halina cha kujivunia. Gome lake ni la kijivu, limejaa vifundo, limepinda huku na huku kwa miaka ya kubeba uzito, halifai ubao wala boriti. Likinuswa halinuki tunda. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za dunia, tawi hilohilo hukusanywa, hukatwa vipande, huanikwa mwaka mzima, kisha huwashwa chini ya nyama. Na walaji hukubali kulipa zaidi kwa nyama hiyo, wakiamini kwamba tunda lililokuwa likining'inia hapo juu limeacha kitu ndani ya mti.

Jina la mti wenyewe linaweza kumpoteza msomaji wa pwani. Neno la Kiarabu lililotuletea tufaha lilikuwa la tunda la nchi za baridi. Lilipofika Unguja na Mombasa, ambako tunda hilo halioti, watu walilivika tofaa, tunda laini lenye maji mengi na umbo la kengele, la jamaa moja na zambarau na pera. Hadi leo mtu wa Pemba akisikia habari za kuni za mtofaa ataona mti mwingine kabisa. Mtufaha unaozungumzwa na wabanikaji wa Marekani na Ulaya ni wa ukoo wa waridi, pamoja na mpeasi, mpichi, mplamu na mcheri. Ni miti ile ile inayostawi penye ubaridi wa Lushoto, ambako mapeasi na mapichi hupangwa kwa mafungu kando ya barabara. Yote ni miti migumu, inayokua polepole na kukaza nyuzi zake. Mtufaha uliokauka hukaribia kilo 800 kwa mita ya ujazo, wakati baadhi ya misonobari ni nusu ya hapo. Uzito huo una maana motoni: kaa la mti mzito hudumu, halina pupa, haliruki cheche ovyo. Na miti hiyo haina ulimbo ule wa msonobari, ambao ukishika moto hutoa masizi meusi na ladha ya tapentaini. Si kwamba msonobari ni haramu kwa nyama. Katika milima ya Schwarzwald, Ujerumani, paja la nguruwe hubanikwa kwa moshi wa miti ya jamii hiyo, na ukali wake ndio fahari ya wenyeji. Lakini huo ni ulimi uliozoezwa. Mgeni asiyezoezwa huelekea kwenye miti migumu, na kati ya miti migumu, huelekea kwenye ile iliyo karibu na nyumba.

Kabla ya moto kuna subira. Mti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na kuni mbichi zikiwekwa motoni hutumia nguvu zao zote kuyafukuza maji hayo. Moto hupoa, moshi hutoka mweupe na mzito kama pamba chafu, na nyama hupata uchungu wa dawa usiotoka kwa limau wala kwa achari. Kuni zinazofaa ni zile ambazo maji yake yameshuka chini ya asilimia 20, na kwa gogo lililopasuliwa hilo huchukua miezi sita hadi mwaka, kutegemea unene wake na hewa ya mahali. Jiko la kale la Kiswahili lilikuwa na mahali pa kazi hiyo: uchaga, dari ya fito iliyojengwa juu ya mafiga, ambako kuni zilipangwa zikaushwe na moto wa zile zilizotangulia. Hapo ndipo ulipozaliwa msemo kwamba kuni juu ya uchaga hucheka zilizo motoni. Msemo hutumiwa kumwonya mwenye kumcheka mwenzake aliyefikwa, lakini kabla ya kuwa onyo ulikuwa maelezo sahihi ya jiko. Juu ya fito hizohizo, karibu na kuni zenye kucheka, palitundikwa mahindi ya mbegu, na samaki, na kipande cha nyama kilichobaki. Kuni, mbegu na kitoweo vilipokea moshi mmoja kwa faida tatu tofauti: kuni zikauke, mbegu isiliwe na fukusi, kitoweo kisioze. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mwenye kuchoma, mwenye kuchomwa na mwenye kuhifadhiwa wamelala kitanda kimoja.

Moto unapoanza kuula mti, hauuli wote kwa pamoja. Mti umejengwa kwa vitu vitatu vikuu. Selulosi ndiyo nyuzi, na huchukua karibu nusu ya mti mkavu. Hemiselulosi ni kama udongo laini unaojaza nafasi kati ya nyuzi. Lignini ndiyo gundi ngumu inayousimamisha mti wima, na katika miti migumu ni robo yake au pungufu kidogo. Hemiselulosi ndiyo dhaifu. Kuanzia nyuzijoto 200 hivi za sentigredi huvunjika na kutoa asidi, ikiwemo ile ile iliyomo ndani ya siki. Selulosi hufuata joto likikaribia 300, ikitoa vitu vyenye harufu ya sukari iliyoungua na ya mkate, ambavyo baadaye ndivyo vinavyoipa nyama rangi ya shaba. Lignini huachia polepole, hadi joto lifike 400 na 500, na humo ndimo mnamotoka kile ambacho watu hukiita hasa moshi: guayakoli, yenye ladha ya moshi mdomoni, na siringoli, yenye harufu yake puani. Misonobari ina asili ya guayakoli peke yake, au karibu peke yake. Miti migumu, ya matunda na isiyo ya matunda, ina zote mbili, na hapo ndipo tofauti kubwa kuliko zote kati ya moshi na moshi ilipo.

Pamoja na hizo mbili hutoka nyingine nyingi kwa vipimo vidogo. Hutoka vanilini, ile ile inayoipa vanila harufu yake. Hutoka pia eujenoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu. Mafuta yanayokamuliwa kwenye vikonyo vya Pemba kwa sehemu kubwa ni hiyo. Kwa hiyo anayenusa nyama iliyobanikwa vizuri akakumbuka karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi, pua yake haijamdanganya. Wajamaika walilitambua jambo hili kwa njia ya mkato. Nyama yao maarufu ya jerk hubanikwa juu ya fito mbichi za mpimento, mti ambao tunda lake dogo lililokaushwa ni kiungo chenye eujenoli kwa wingi, na tunda hilohilo husagwa na kupakwa kwenye nyama kabla ya moto. Mti mmoja unaingia kwenye chakula kwa milango miwili, wa kiungo na wa moshi, na kwa mara moja mlaji anayedai kuonja tunda ndani ya kuni yuko karibu na ukweli.

Kwa mtufaha na mpichi hali ni tofauti. Utamu wa tunda ni sukari, na uchachu wake ni asidi, na harufu yake ni vimiminika vyepesi ambavyo tunda huvitengeneza lenyewe linapoiva, ndani ya nyama yake na ganda lake. Havikai ndani ya shina. Hata kama vingekuwamo, vingeruka hewani siku nyingi kabla kuni hazijakauka, na vilivyosalia visingevuka nyuzijoto 200. Moshi wa mtufaha hauna tufaha. Una selulosi iliyovunjika, na lignini iliyovunjika, kama moshi wa mwaloni, na tofauti kati yao ni ya vipimo wala si ya aina. Wapo wabanikaji wanaoapa kuwa wanaitambua: mcheri huipa nyama rangi nyekundu iliyoiva, mtufaha ni mpole na una utamu wa mbali, mpichi uko katikati. Pengine wanaitambua kweli, maana ulimi uliofanya kazi moja kwa miaka 30 husikia mambo ambayo mgeni hayasikii. Lakini kuni mbili zilizotoka mti mmoja, moja kavu na moja mbichi, hutofautiana zaidi kuliko kuni mbili kavu zilizotoka miti miwili. Moto wenye hewa ya kutosha, unaotoa moshi mwembamba wa samawati usioonekana ila ukitazamwa kinyume na jua, hufanya mwaloni uwe mpole. Moto uliobanwa hewa huufanya mtufaha uwe mchungu. Wengi wanaosifu kuni kwa hakika wanamsifu mtu aliyekesha akizitazama.

Hapa methali moja hugeuka kichwa chini. Pafukapo moshi pana moto, husemwa, na anayesema hutaka kuuthibitisha moto. Mbanikaji hutaka moshi, na moto kwake ni gharama tu inayobidi ilipwe; huutaka mdogo, wa kudumu, usioigusa nyama. Kuna njia mbili za kufika huko. Ya kwanza ni moshi baridi, ambao nyama huwa mbali na moto na hewa inayoizunguka haivuki nyuzijoto 30 hivi. Haiivi, hukaushwa na kutiwa harufu tu, na lazima iwe imeshakolezwa chumvi ya kutosha, kwani moshi peke yake haushindi kuoza. Ya pili ni moshi wa moto, ambao nyama huiva hapohapo. Kusini mwa Marekani bega la nguruwe hukaa ndani ya joto la nyuzi 107 hadi 120 kwa saa nane, kumi, wakati mwingine zaidi, mpaka ile mishipa migumu ya ngozi na maungo iyeyuke ikawa kama ute wa mchuzi wa kwato. Mvumilivu hula mbivu. Ni methali ya matunda iliyohamia kwenye nyama bila kubadilishwa neno.

Moshi wenyewe hauingii mbali. Vitu vyake vya ladha hutua juu ya nyama na kunywewa na unyevu na mafuta ya uso wake, milimita chache tu, na ndiyo maana nyama yenye uso mkavu kabisa huupokea shingo upande. Mkato wa nyama iliyobanikwa vizuri huonyesha ukanda wa waridi chini ya ganda, na wengi hudhani huo ndio mpaka wa moshi. Sivyo. Ukanda huo hutokana na gesi za moto, hewa ya naitrojeni iliyoungana na oksijeni pamoja na kaboni monoksidi, zinazoshikana na mayoglobini, ile rangi ya damu ya msuli, na kuizuia isigeuke kahawia. Unaweza kuwapo bila ladha, na ladha inaweza kuwapo bila wenyewe. Kazi ya ulinzi hufanyika juu ya uso: asidi huwazuia bakteria, formaldehaidi huifanya ngozi ya nje kuwa ngumu, na fenoli kama guayakoli huzuia mafuta yasichache. Ni ngao nyembamba, lakini nyama huozea nje kwanza, na ngao hukaa pale adui anapopitia.

Kwamba mtufaha ulipewa heshima Marekani kunaelezwa na ramani kuliko na kemia. Huko Wittenberg, Wisconsin, familia ya Nueske imekuwa ikibanika bekoni kwa magogo ya mtufaha tangu 1933, katika jimbo la majira marefu ya baridi ambako matufaha yanastawi. Kusini mwa Illinois uko mji mdogo wa Murphysboro, katikati ya mashamba ya matufaha, unaofanya sikukuu ya tunda hilo tangu 1952. Hapo ndipo Mike Mills, aliyefariki 2020, alipojijengea jina la kubanika mbavu na mabega ya nguruwe, na kikundi chake, kilichojiita kwa jina la mji wa matufaha, kilitwaa ubingwa mkuu wa mashindano ya Memphis mara tatu katika miaka ya 1990. Aliutumia mtufaha kwa kuwa ulikuwepo. Huko Texas ya kati, ambako hakuna mashamba ya matufaha ya kutajika ila mialoni imejaa, nyama hubanikwa kwa mwaloni, na hakuna anayejiona amepungukiwa. Huko Hawaii mpera, mti uliotoka Amerika ya joto ukageuka gugu la msituni, hukatwa na kuwa kuni za kubanikia nyama, na kila gogo linalochomwa ni nafuu kwa miti ya asili. Kila mahali hutukuza moshi wa kile kilichokuwa kikitupwa. Baadaye, moshi huo unapoanza kusafirishwa ndani ya mifuko ya plastiki kama vibanzi, na kuuzwa kwa bei ya kitoweo chenyewe katika miji isiyo na mti hata mmoja, masimulizi ya utamu wa tunda hulazimika kuongezwa, kwa kuwa ukaribu, uliokuwa sababu ya kwanza, umepotea.

Uchina walikwenda njia nyingine. Bata wa Beijing kwa kawaida hatajwi pamoja na nyama za moshi, kwani huokwa, lakini sifa yake inasimama juu ya kuni za matunda. Yang Quanren alipofungua Quanjude karibu na lango la Qianmen mwaka 1864, mtindo wake ulikuwa tanuri lisilo na mlango. Bata aliyejazwa hewa kati ya ngozi na nyama, akamwagiwa maji ya moto, akapakwa maji ya sukari ya shayiri na kuanikwa, hutundikwa kwa ndoana ndani ya tanuri hilo, na moto wa kuni za mpichi, mpeasi au mkunazi huwaka kinywani mwake. Zilichaguliwa kwa kuwa zinawaka kwa ndimi za kudumu, moshi ni kidogo, na kile kidogo kinanukia. Ni kinyume cha Murphysboro: kule mti wa matunda husifiwa kwa moshi wake, huku husifiwa kwa uchache wa moshi wake. Guangdong nako, bata bukini huokwa kwa kuni za mlichi, tunda ambalo Mzanzibari angelitambua upesi kwa ndugu yake shokishoki.

Mkunazi wa Uchina na mkunazi wa pwani ya Afrika Mashariki si mti mmoja, ila ni ndugu wa karibu, kwa miiba na kwa kokwa. Wa kwao huzaa kunazi kubwa, nyekundu, zinazokaushwa kama tende. Wa kwetu huzaa zile ndogo ambazo watoto huziokota mchangani na kuzila na vumbi lake. Mti wake ni mgumu na mzito, na kaa lake ni la moto mkali. Lakini pwani mti huo una kazi nyingine inayoutenga na jiko: majani yake hupondwa na kutiwa katika maji ya kumwoshea maiti. Aliyeona mkunazi ukitikiswa majani alfajiri ya msiba hawezi kuutazama kama kuni tu. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya heshima ya miti ya nyumbani kwa jumla. Mti uliozungukwa na maisha ya watu huwa mgumu kuuchoma, na ukichomwa, moshi wake huwa na jina.

Wenyeji wa Afrika Mashariki hawakuhitaji kufundishwa kwamba moshi ni kiungo. Pwani moshi una vyombo vyake na msamiati wake: chetezo, ubani, udi, na kitenzi kufukiza, kinachobeba nguo, nywele, chumba cha bibi harusi, hata mtungi wa maji, ambao huinamishwa juu ya ubani ili maji yatakayokaa ndani yanukie. Bara, Wamaasai hufukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni mwitu, ambao nao ni mti wenye tunda, ijapokuwa tunda lake ni la ndege. Wakalenjin hutumia senetwet, na masizi yake meusi ndiyo huyapa maziwa ya mursik rangi ya kijivu na ladha yake. Katika mifano yote hiyo mti huchaguliwa kwa jina, na mwanamke anayeuchagua huujua kama anavyoijua chumvi. Kwenye samaki na nyama, uchaguzi huo umekuwa mlegevu. Kubanika, kwa maana ya kukausha juu ya fito kwa moto wa chini, kulifanywa kwa kuni yoyote iliyopatikana, kwa kuwa haja ilikuwa kufikisha kitoweo mnadani kabla hakijaharibika. Haja hiyo ilizidi kwenye Ziwa Viktoria baada ya sangara kupandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Furu waliokuwa wakivuliwa zamani walikuwa wadogo, jua liliwatosha. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Jua humwozesha kabla ya kumkausha, na asiyeuzwa mbichi lazima aingie motoni. Vilima vya kandokando ya ziwa vililipa gharama hiyo kwa miti yao. Penye uhaba wa namna hiyo, mazungumzo ya mtufaha na mcheri huonekana ya anasa, na kwa kiasi fulani ni ya anasa kweli.

Hata hivyo, katika boma la kawaida la Tanga au la Kisii, mpera upo. Hupogolewa, au huvunjwa na watoto. Kuni zake ni ngumu na nyuzi zake zimekazana, hazina ulimbo, huwaka taratibu. Ni kuni nzuri za kubanikia kuliko nyingi zinazosafirishwa kutoka mbali. Mchungwa na mlimau nazo zafaa zikikauka. Mwembe na mkorosho ni jamaa wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Ni wa ukoo mmoja, na utomvu wa ukoo huo huwasha ngozi. Aliyewahi kubangua korosho kienyeji anajua jinsi mafuta ya maganda yanavyobabua vidole na jinsi moshi wake unavyokaba koo. Gogo kavu la mwembe lina utomvu mchache, na watu wengi wamelichomea bila kudhurika, lakini kwa nyama itakayokaa juu ya moshi saa kumi, mpera ni jirani mwema zaidi. Mwembe uliochoka hupata kazi bora kwenye tanuri la matofali.

Hatari kubwa haitofautishi mti wa matunda na usio wa matunda. Kuni ikiungua kwa joto kali na hewa haba, na hasa mafuta ya nyama yakidondokea makaa na kufuka, hutokea jamii ya kemikali inayohusishwa na saratani. Inayopimwa zaidi ni benzopirini. Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2014, hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopirini katika kilo moja ya nyama ya moshi. Kabla ya hapo ilikuwa 5. Wakaguzi walipogeukia moshi wa chupa, ule mvuke uliogeuzwa kimiminika ambao Ernest Wright wa Kansas City alianza kuuza mwaka 1895, mambo hayakuwa mepesi pia: mwaka 2024 umoja huohuo uliamua kutoendeleza vibali vya ladha nane za moshi, kwa wasiwasi wa madhara yake kwa vinasaba. Moshi wa kuni haukuguswa na uamuzi huo, ingawa si kwa sababu ulithibitishwa kuwa salama. Uko chini ya sheria nyingine. Dawa ya kienyeji inabaki ile ile: nyama mbali na ndimi, sinia ya kukingia mafuta, moto usiobanwa hewa, na kula kwa kiasi.

Hatari nyingine ni ya shambani tu, na inatokana na kupendwa kwa mti wenyewe. Mti usiozaa hakuna anayeunyunyizia dawa. Mtufaha hunyunyiziwa kila msimu, na historia ya dawa zake si njema: kuanzia miaka ya 1890 wakulima wa Marekani waliwapiga nondo wa matufaha kwa mchanganyiko wa risasi na zaniki, wakaendelea hivyo hadi dawa mpya zilipokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na dawa ile ya kale ikapigwa marufuku rasmi mwaka 1988. Udongo wa mashamba mengi ya zamani bado umebeba sumu zote mbili, kwani metali haziozi. Anayetaka kuni za matunda basi hana budi kuuliza historia ya mti, swali ambalo kamwe haliulizwi kwa mti wa msituni: ulikuwa wa nani, ulinyunyiziwa nini, ulikatwa lini. Matawi yaliyopigwa dawa msimu huo huachwa. Yaliyoota ukungu huachwa pia, na yaliyopakwa rangi, na kokwa na majani ya mpichi na mcheri hayatiwi motoni, kwa kuwa vina chembe zinazozaa sianidi, ambayo mti mkavu uliokaa mwaka hauna kwa kiwango cha kuogopesha.

Gome huondolewa na wengine na kuachwa na wengine. Ubishi huo hauna mshindi. Kuloweka vibanzi majini kabla ya kuvichoma ni desturi ya kitabuni zaidi kuliko ya jikoni: maji huishia milimita moja au mbili chini ya uso, na moto huanza kwa kuyachemsha, ukitoa mvuke ambao macho huudhania moshi. Mabonge ya ukubwa wa ngumi hutosha kwa moto mdogo wa nyumbani, mawili au matatu juu ya makaa yaliyokwisha kushika, yakiongezwa mengine moja moja. Baada ya saa tano au sita nyama imeshapata sehemu kubwa ya moshi itakaoupokea, na kuni zinazofuata ni za joto tu. Hapo mbanikaji mwenye kujua hurudi kwenye kuni za bei rahisi, na walaji hawatambui.

Moto huzaa majivu, na ya mti wa matunda ni meupe, laini, mengi kidogo kuliko ya msonobari. Yana chokaa na potasi, chakula kile kile ambacho mti ulikikamua kutoka ardhini ili utengeneze matunda. Katika bustani zenye udongo mchachu hurudishwa chini ya miti iliyobaki, kiganja au viwili, mbali na shina, kabla ya mvua. Isipokuwa majivu yaliyodondokewa na mafuta na chumvi ya nyama: hayo huvuta panya na kuunguza mizizi, kwa hiyo huchotwa peke yake na kufukiwa pembeni ya uwanja.